Je, wajua Warumi walilindaje lakiri isivunjike njiani?

Lakiri ya nta ina udhaifu wake. Ikigongwa kidogo inapasuka, na ikikaa juani inalainika hadi alama ya muhuri inafutika. Sasa mzigo uliofungwa kwa lakiri ya namna hiyo ungefikaje salama baada ya siku kadhaa mgongoni mwa nyumbu?

Katika majimbo ya Kirumi ya kaskazini-magharibi, kama Uingereza, Gaul (hasa Ufaransa ya leo) na kando ya mto Rhine, jibu lilikuwa kijisanduku cha shaba, vingi vikiwa na upana wa sentimita 2 hadi 4 tu. Kilitumika hasa karne ya 1 hadi ya 3 BK. Ukikitazama kwa karibu utaona kifuniko chenye bawaba, matundu kwenye kitako, mara nyingi matatu au manne, na pengo dogo kila upande. Uzi uliofunga mzigo ulipitishwa kwenye mapengo hayo, ukakaa ndani ya kijisanduku. Kisha nta ya moto ikamiminwa juu yake, mwenye mali akakandamiza pete yake ya muhuri, na kifuniko kikafungwa.

Hapo hakuna kufuli. Mwizi mwenye kisu angeukata uzi mara moja. Ila asingeweza kuufunga tena bila pete ile, kwa hiyo mpokeaji angejua tu kwamba mzigo umeguswa.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa vijisanduku hivi vilifungia mbao za kuandikia, yaani barua na mikataba. Mimi naona dhana hiyo inayumba. Mbao nyingi za mikataba zilichongwa mfereji maalumu wa kuwekea lakiri za mashahidi, na nta iliyozama humo tayari ina kinga yake. Mfuko wa fedha hauna mfereji, na ndiyo maana watafiti kadhaa siku hizi wanaelekea kwenye mifuko.

Na mapambo je? Vifuniko vina umbo la duara, msambamba au jani, vingine vimejazwa rangi za kioo kilichoyeyushwa, nyekundu au buluu, vingine vina tai, chura, hata uume, ambao kwa Warumi ulikuwa kinga dhidi ya kijicho. Nahisi uume huo ulipewa kazi ileile ya lakiri: kuwatisha wenye mikono mirefu.