Waliyoyasema kwenye matanga ya bibi

Kwenye matanga huko Bukoba kila aliyesimama alimsifu bibi. Sifa nyingine zilikuwa potofu. Bibi aliuguza wagonjwa wa UKIMWI majumbani mwao kwa miaka mingi, na namjua: angekuwepo, angewakatiza.

"Alijaliwa huruma, kazi ile haitaki ujuzi." Huruma alikuwa nayo, lakini huruma haizuii kidonda. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, ngozi yake hubanwa kati ya mfupa na godoro, damu ikakosa kupita, nyama ikafa: nyongani, kisiginoni, pale chini ya kiuno. Ndiyo maana bibi aligeuza wagonjwa kila baada ya saa mbili, usiku pia, na shuka lenye mkunjo lilimuudhi kuliko utovu wa adabu. Wauguzi husema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Yeye alipitisha mgongo wa vidole akitafuta joto. Akilipata mahali, hapasugui, wala mgonjwa halalii tena upande huo mpaka patulie. Na aliyeharisha alikorogewa lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kufutwa, si vya kurundika.

"Imani yake ilimkinga." Rozari haikumtoka mkononi, ni kweli. Lakini wagonjwa wa kwanza nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na watu wakauita ugonjwa huo Juliana, majirani waliogopa hata kikombe. VVU haviambukizi kwa kikombe, wala kwa kukumbatiana. Hupita kwenye damu, majimaji ya sehemu za siri na maziwa ya mama. Basi bibi alikunywa chai na wagonjwa wake, ila kidonda hakukigusa kwa mikono mitupu. Glavu zikiisha, alivaa mifuko ya rambo.

"Asiyekula atakufa, mlazimishe." Hii aligombana nayo nyumba hadi nyumba. Mtu aliye ukingoni mwa maisha, mwili wake hauhitaji tena chakula kama zamani, na uji wa kulazimisha unaweza kumpalia ukaingia mapafuni. Bibi alilowesha midomo yake kwa kitambaa, basi. Ndugu walimwona mkatili.

Mjomba mmoja alininong'oneza kwamba wagonjwa wake wote walikufa. Wengi, ndiyo. Hadi Oktoba 2004, serikali ilipoanza kutoa bure ARV, dawa za kufubaza virusi, kilichobaki kilikuwa kuwapunguzia mateso. Baada ya hapo kazi yake ikawa kuhesabu vidonge na kukumbusha siku za kliniki. Nilimwonyesha mjomba mama aliyekuwa jikoni akimenya ndizi za waombolezaji. Huyo alikuwa mgonjwa wake; bibi aliwahi kumbeba mgongoni.

Dhana yangu mimi ilikuwa kwamba bibi hachoki. Kumbe mgongo ulikuwa umemwisha kwa kuinua watu, akanyamaza. Mwaka wake wa mwisho ikawa zamu yetu kumgeuza. Usiku wa kwanza nilijaribu peke yangu, nikamvuta kwa mabega. Akafumbua macho.

"Mjukuu wangu, usiniburute. Kamwite mwenzako, mnyanyue kwa shuka."