Kazi ya msanifu wa gofu inaanza uwanja ukishafunguliwa

Watu wananiuliza sana, mkishachora uwanja na nyasi zikashika si kazi imeisha? Hapana jamani, hapo ndo mchoro unaanza kupimwa, na mi naamini kabisa msanifu asiyerudi kuangalia kazi yake atarudia makosa yaleyale kila anapopewa shamba jipya.

Chukua Donald Ross, Mskoti aliyehamia Marekani. Uwanja wake wa gofu wa Pinehurst No. 2, huko North Carolina, ulifunguliwa 1907, baadaye akawa na nyumba pembeni ya uwanja, basi akaendelea kuurekebisha mpaka uzeeni, alifariki 1948. Grini, yani pale penye kishimo cha kutumbukiza mpira, zilikuwa za mchanga miaka mingi, zile za nyasi zimekuja katikati ya miaka ya 1930 na yeye akazifinyanga upya. Yani uwanja uleule, miongo na miongo, na bado anaona cha kubadilisha! Hiyo naipenda mno.

Huku kwetu Uganda anayekusahihisha kwanza ni mvua. Tunapata misimu miwili, Machi mpaka Mei halafu Septemba mpaka Novemba, na viwanja vingine viko mabondeni, angalia tu ule wa Kitante hapa Kampala, uko kati ya Kololo na Nakasero, maji ya vilima vyote viwili yanashukia huko. Kwa hiyo mi napenda kutembea uwanjani asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku, kabla mafundi hawajasafisha. Bunka, yani lile bonde dogo la mchanga la kumtega mchezaji, iliyokaa chini ya mteremko utaikuta mchanga umeporomoka kutoka ukingoni umejaa chini, na juu yake kuna utando mwekundu wa udongo, ukikauka unakuwa mgumu hata fimbo haiingii vizuri. Vijana wanashinda na koleo kurudisha mchanga juu, wiki inayofuata tena hivohivo. Dawa yake ni kukata mfereji mdogo upande wa juu maji yapite kando, na ule ukingo kuuvika nyasi, mchanga ubaki chini kwenye tambarare tu.

Halafu kuna alama za wachezaji wenyewe. Bunka ikiwekwa karibu na tii, pale pa kupigia mpira wa kwanza, ili imtishe mpigaji mkali, we angalia nyayo zilizomo ndani. Mkali anaurusha mpira juu yake bila hata kuiwaza, wanaoangukia humo ni wanaojifunza na wazee wetu, sasa hiyo inamwadhibu nani? Bora ifukiwe, ingine ichimbwe mbele zaidi, au kwanza tii ya nyuma, ya hao wakali, irudishwe nyuma zaidi maana hiyo ndo rahisi kwa mfuko.

Na kedi aulizwe, yule mbeba fimbo za wachezaji! Huyo anapita hapo kila siku na watu wa kila aina, anajua grini gani inarudisha mpira miguuni pako na feawei gani, yani ile njia ya nyasi fupi ya kwenda kwenye grini, haikauki mpaka Juni. Ukimwambia kaka nionyeshe wanapopotezea mipira atakupeleka moja kwa moja mpaka kichakani.

Malalamiko ya wanachama nayo nayasikiliza ila sibadilishi kitu kwa sababu mtu ana hasira na skoo yake. Shimo gumu, yani kipande chote kutoka tii mpaka grini, lenye njia mbili tatu za kulichezea naliacha lilivyo. Lile ambalo mchezaji ana sehemu moja tu ya kupiga, kila siku, kila upepo, hilo nalichora upya hata kamati ikisema liko sawa.