Watoto wanne, majeraha matano

Siku ya kwanza walipofikishwa kwa bibi yao, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma upande wa barabara ya Hombolo, chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda. Watoto wanne walikaa mkekani, wakanawa, kisha hakuna aliyenyoosha mkono. Wadogo watatu hawakukitazama chakula wala bibi. Walimtazama dada yao wa miaka 14. Yeye akaumega ugali mafungu matatu, akayapima kwa macho, akapunguza fungu moja akaongeza jingine, ndipo akawasogezea wenzake. Walipomaliza alivuta sufuria, akakwangua ukoko na kula huo. Bibi alifurahi mno. “Mjukuu wangu ameshakuwa mama kamili,” alisema. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini na daftari langu, na kauli ile ilinichoma, kwa sababu nilijua mtoto yule alikuwa mama tangu akiwa na miaka sita.

Mambo kadhaa ya familia hiyo nimeyabadilisha na kuyachanganya na ya familia nyingine, wasije wakatambulika. Kazi yangu ni ustawi wa jamii, upande wa watoto, hapa Dodoma. Makala hii nawaandikia ninyi mnaobaki na watoto baada ya polisi kuondoka na sisi maofisa kupanda gari: bibi, mama wadogo, mashangazi, walimu, majirani wa ukuta kwa ukuta.

Watoto wanne wa tumbo moja walioteswa na wazazi wao kwa miaka wanatoka ndani ya nyumba ile na majeraha matano. Manne ni ya kila mmoja wao. La tano ni undugu wenyewe. Hili la tano ndilo tunalolisahau, na likisahaulika, yale manne hayaponi vizuri.

Nieleze kwa nini. Nyumba yenye mateso ya muda mrefu humpa kila mtoto kazi ya kufanya. Mmoja anakuwa mlinzi na mlezi, kama huyu dada. Mwingine anakuwa jaa la lawama, kila kinachopotea kimeibwa na yeye, kipigo chote kinaishia mgongoni mwake. Mwingine anakuwa kipenzi: analala kitandani, anakula na baba, haguswi. Na mara nyingi yupo anayetumwa kuwachunguza wenzake na kupeleka taarifa, au anayepewa fimbo aambiwe ampige ndugu yake, akikataa anapigwa yeye. Wanaolea watoto hawa baadaye huona tu kwamba hawapendani. Wanamwona kaka hataki kulala chumba kimoja na mdogo wake, wanasema ana roho mbaya. Hawajui kwamba yule mdogo ndiye aliyekuwa akipeleka taarifa, na kwamba alikuwa na miaka mitano wakati huo, hakuwa na namna.

Tafadhali mtazameni sana yule ambaye hakupigwa. Watu humwambia, “Wewe afadhali, Mungu alikulinda.” Yeye alikuwa akila wali huku anasikia dada yake akilia nyuma ya mlango. Hana kovu la kumwonyesha daktari, kwa hiyo hapelekwi popote. Nimewaona watoto wa namna hii wakijichana mikono na wembe. Msimuulize hata siku moja, “Mbona wewe hukuguswa?” Mwambieni kwamba waliopanga yale walikuwa watu wazima, na mtoto hachagui nafasi anayopewa.

Sasa turudi kwa dada mkubwa. Miaka ya nyuma, nikiwa mgeni kazini, niliwahi kuona msichana kama huyu na nikadhani nampumzisha. Nilimtafutia nafasi kwa shangazi yake Kondoa, apate kuwa mtoto, wadogo zake wakabaki kwa ndugu wengine mjini. Ndani ya wiki mbili yule wa mwisho alikuwa amenyamaza kabisa, haongei na mtu, na dada huko Kondoa halali, anakaa mlangoni usiku kucha. Nilikuwa nimemwondolea kitu pekee alichokuwa anakijua kuhusu nafsi yake, yaani kwamba wadogo zake wako hai kwa sababu yake. Tuliwarudisha pamoja. Tangu hapo, kama hakuna hatari kati yao, nawapigania wakae nyumba moja. Isipowezekana, basi waonane kwa siku inayojulikana, isiyobadilikabadilika, na simu katikati ya wiki.

Kuipokea kazi ile ya ulezi kutoka kwa dada kunataka uungwana. Bibi mwenye hekima huanza kwa kumuuliza dada: “Huyu mdogo wako hulala na taa au bila taa? Akiamka usiku humfanyaje?” Kwanza unamheshimu kama mtu mwenye ujuzi, maana anao. Halafu unapokea jukumu moja tu. Wiki hii bibi ndiye anayeogesha wa mwisho, dada akitaka anatazama. Wiki zinazofuata bibi ndiye anayepakua. Ataingilia, atarudisha sahani, pengine atakasirika. Asigombezwe. Inachukua miezi.

Kuhusu chakula chenyewe kuna jambo la hatari ambalo watu wenye huruma huliharibu. Mtoto aliyeshindishwa njaa kwa muda mrefu asikaribishwe kwa sahani kubwa ya pilau. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi kwa ghafla, madini yaliyomo kwenye damu kama fosfeti na potasiamu hushuka, na moyo unaweza kushindwa kufanya kazi. Aliyekonda sana au aliyevimba miguu apelekwe hospitali kwanza, akapimwe na aanzishiwe lishe kwa vipimo vidogo vidogo vya mara kwa mara, wadogo kwa maziwa tiba. Pilau lipo, litangoja.

Baadaye mtakuta ugali chini ya godoro. Kwa bibi yule tulikuta matonge sita yaliyokauka, yamejaa sisimizi, yamefungwa kwenye kitenge. Alitaka kumchapa mhusika kwa kuleta wadudu. Tulikubaliana badala yake kila mtoto apewe kopo lake lenye mfuniko, ndani karanga za kukaanga au kashata, lijazwe kila asubuhi bila kuulizwa limeishaje. Kopo lile ni dawa kama dawa nyingine. Mtoto anajifunza kwa mkono wake kwamba chakula cha kesho kipo.

Hofu nyingine zinakaa masikioni. Mlio wa funguo, mlio wa chuma cha mkanda, pikipiki inayozimwa nje saa moja usiku. Ubongo wa mtoto aliyeishi kwenye hatari hujifunza kutoa ishara kabla hajafikiri, moyo unaenda mbio, anakojoa, anajificha chini ya kitanda, na wewe unaona kakudharau hajibu salamu. Msaidie kwa kumtangulizia habari: “Mjomba atakuja jioni na pikipiki, utasikia inanguruma, atakaa kidogo kisha ataondoka.” Na wakitaka kulala wote wanne kwenye godoro moja wiki za mwanzo, waache. Isipokuwa pale ambapo mmoja amekuwa akimuumiza mwenzake, au akimgusa sehemu za siri. Hapo watenganishwe kulala usiku huohuo, mwite afisa ustawi, wala msimwite yule mtoto mnyama. Mara nyingi anarudia alichofanyiwa, naye anahitaji tiba.

Jambo linaloniumiza kuliko yote katika kazi hii ni maneno kuhusu radhi. Huku kwetu, awe Mkristo au Mwislamu, Mgogo au Mrangi, mtoto anakua akijua kwamba mzazi akinuna, maisha hayaendi. Kwa hiyo msichana anapoeleza polisi alichofanyiwa, jioni mzee wa ukoo anakuja na kiti chake, anamwambia, “Mzazi ni mzazi. Ukimfunga baba yako utakosa radhi.” Wengine huleta mbuzi ili yaishe kifamilia. Watoto wale wanagawanyika hapohapo: mmoja anataka kusamehe aende nyumbani, mwingine anasema akirudishwa atakunywa sumu, na kila mmoja anamwona mwenzake msaliti. Undugu unavunjwa na watu wazima waliokuja kuupatanisha.

Msilazimishe msamaha. Mtoto anaruhusiwa kumchukia mzazi, na anaruhusiwa kumkumbuka na kulia. Yule wa mwisho aliuliza kwa wiki tatu, “Baba amekula?” Bibi alianza kumjibu kwamba baba yake ni shetani, na mtoto akaacha kuuliza, akaanza kujipiga kichwa ukutani, kwa maana mtoto wa shetani naye ni nani? Jibu lililomtuliza lilikuwa fupi: “Baba yupo, anakula. Alichowafanyia ni kosa kubwa. Ninyi hamna kosa.” Viongozi wa dini wana nafasi kubwa hapa. Mchungaji au shehe akimwambia msichana mbele ya ndugu zake kwamba kusema ukweli hakumkoseshi mtu radhi, anafanya kazi ambayo mimi na vyeti vyangu siiwezi.

Sheria haina utata. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, inakataza kumtesa, na inamtaka mwananchi anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Mahakama ina mamlaka ya kumwondoa mtoto kwa wazazi. Mlango unaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, ofisi ya kata, afisa ustawi, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ni ya simu za watoto, haina gharama, na hata mtu mzima anaweza kuipiga. Kabla ya hapo, nawaomba msiwakusanye ndugu wote sebuleni mkawahoji. Wakisikia maelezo ya mwenzao, watayanyoosha yafanane, au mkubwa atajibu kwa niaba ya wote. Ahojiwe kila mmoja peke yake na mtu aliyefundishwa, mara chache iwezekanavyo. Na maelezo yakipishana msiseme mmoja mwongo. Waliishi nyumba moja, lakini kila mmoja aliteswa kwa namna yake.

Shuleni kuna vitu viwili. Mtoto aliyefungiwa nyumbani anaweza kuwa na miaka 12 na hajui kusoma. Mpango wa MEMKWA uliwekwa kwa ajili ya waliokosa elimu ya msingi kwa wakati wake, ulizieni. La pili ni fimbo. Kanuni zetu bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mkuu wa shule au aliyemteua. Mlezi aende kwa mwalimu mkuu mapema, amwombe kwa heshima kwamba mtoto huyu asichapwe kabisa. Si lazima aeleze historia yote. Kiboko kimoja kinaweza kumrudisha mtoto kwenye chumba kile tulichomtoa.

Na tiba ya akili isiogopwe. Hapa Dodoma ukitaja Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, mtu anadhani umemwita kichaa, na walezi wengi huacha ndoto mbaya na kujikojolea viendelee miaka mizima kwa kuogopa jina hilo tu. Yako matibabu ya mazungumzo yanayosaidia watoto wenye kiwewe. Yamefanyiwa utafiti hata Moshi na Bungoma, Kenya, kwa watoto waliofiwa na wazazi, yakiendeshwa na watu wa kawaida waliofundishwa vizuri. Kila ndugu awe na saa yake peke yake na mtaalamu, halafu wawe na saa yao ya pamoja. Saa ya pamoja ndiyo ya lile jeraha la tano.

Bibi aliniuliza swali ambalo walezi wote huuliza: watapona kweli? Nilimsimulia habari ya mapacha wawili wa kiume wa Czechoslovakia, waliozaliwa mwaka 1960. Mama yao alifariki. Baba na mama wa kambo waliwatenga kwa zaidi ya miaka mitano, kwenye chumba kisicho na joto na wakati mwingine stoo ya chini ya ardhi, wakipigwa. Walipogunduliwa wakiwa na miaka saba walikuwa na matege, hawawezi kutembea vizuri, wanaongea kwa shida, na akili zao zilionekana kama za watoto wa miaka mitatu. Mwanasaikolojia Jarmila Koluchová aliwafuatilia. Hawakutenganishwa. Walichukuliwa na dada wawili wa tumbo moja, wanawake watulivu wasio na haraka, wakawalea hadi ukubwani. Walifika shule za kawaida, wakajifunza kazi, wakaoa.

Ila kuokolewa peke yake hakutoshi. Januari 2018, huko Perris, California, msichana wa miaka 17 alitoka dirishani na kupiga simu polisi, na ndugu 13 wa kuanzia miaka 2 hadi 29 wakatolewa kwenye nyumba ya wazazi waliokuwa wakiwafunga minyororo. Dunia nzima ililia nao. Baadaye baadhi yao wakapelekwa kwa walezi ambao nao waliwatendea ukatili. Nchi tajiri, maofisa tele, na bado. Kwa hiyo jirani, ukishaona watoto wamehamishiwa kwa bibi au mjomba, usiache kugonga. Na mlezi, afisa ustawi akichelewa kuja, mfuate ofisini; ni haki yako kumdai.

Nilirudi kwa bibi yule mwezi wa nane, vumbi la kiangazi limetanda mtaa mzima. Chakula kilikuwa tayari na wadogo watatu walikuwa wameshaanza kula, wanagombania mlenda kwa sauti. Dada hakuwepo mkekani. Alikuwa uwanjani na wenzake wanacheza rede, nilimsikia akibisha kwamba mpira haukumgusa. Bibi aliita mara moja, hakuitikiwa, akapakua sahani ya nne, akaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka kando.