Injini ya dizeli kwenye ndege ndogo: "dizeli" hapa maana yake nini?

Tukiwa kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere, ndege ndogo ikapita juu yetu ikielekea baharini. Dereva wa bajaji akageuka: "Kaka, hivi hizi zinajazwa petroli au dizeli?" Nikamwambia nyingi ni petroli, ila zipo za dizeli, na hizo za dizeli zinachoma mafuta yaliyo ndugu wa mafuta ya taa. Akacheka. "Basi hao wamechakachua!"

Hakuwa mbali na ukweli. Wakazi wa Dar wanakumbuka enzi mafuta ya taa yalipokuwa yakichanganywa kwenye dizeli kwa sababu ya bei yake nafuu, mpaka mwaka 2011 serikali ikayapandishia kodi ili kukata faida hiyo. Mchezo ule uliwezekana kwa sababu injini ya dizeli inayachoma mafuta ya taa na gari linatembea. Pampu na nozeli ndizo zilizolipia baadaye, maana mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi vyuma kama dizeli yenyewe.

Dizeli ni jina la mtu kabla ya kuwa jina la mafuta. Rudolf Diesel, Mjerumani, alipata injini iliyofanya kazi sawasawa mwaka 1897, na kwenye maonesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Kwa hiyo fundi akisema "injini ya dizeli" anazungumzia namna moto unavyowaka ndani. Injini ya petroli huibana hewa iliyochanganyika na mafuta, kisha plagi inatoa cheche. Ya dizeli huvuta hewa tupu na kuibana mpaka inapata joto kali, mafuta yakinyunyizwa humo yanawaka yenyewe. Injini za petroli za ndege ndogo aghalabu hubana hewa mara 8 na nusu hivi. Za dizeli mara 16 hadi 18. Kubana huko ndiko kunakoifanya dizeli ile mafuta kidogo, na ndiko kunakodai vyuma vinene, yaani uzito. Na kwenye ndege kila kilo ina mdomo.

Mafuta ya ndege za petroli huitwa avgas, na aina iliyoenea ni 100LL. Asubuhi kabla ya safari utamwona rubani akikinga kidogo chini ya bawa kwa kichupa cha plastiki na kukiinua juani, akitafuta maji yaliyotuama. Rangi yake ni buluu hafifu, kama maji ya mwisho ya kusuuzia shati lililotiwa buluu. Ndani yake bado mna madini ya risasi. Magari ya Afrika kusini mwa Sahara yaliachana na petroli ya risasi kufikia mwaka 2006, lakini ndege hizi bado zinayo, kwa sababu ndiyo inayozuia mafuta kulipuka kabla ya wakati wake kwenye silinda.

Injini zenyewe ni za muundo wa zamani, na hilo nalisema kwa heshima. Kila silinda ina plagi mbili, na umeme wa plagi unatoka kwenye magneto, dinamo ndogo zinazozungushwa na injini yenyewe. Betri ikifa angani, propela inaendelea kuzunguka. Udhaifu wake mmoja unawashangaza watu wa pwani: barafu. Mafuta yakigeuka mvuke ndani ya kabureta hupoza hewa kwa nyuzi nyingi, na hewa ya Dar ina unyevu tele, hivyo barafu inaweza kuganda humo huku wewe chini unatokwa jasho. Dizeli haina kabureta, kwa hiyo hilo haliijui.

Injini za dizeli za ndege zinazouzwa leo, kama AE300 ya Austria inayofungwa kwenye ndege za Diamond, zilizaliwa kutoka injini za magari ya Mercedes-Benz. Ndege ya petroli ya viti vinne kama Cessna 172 hula lita 30 hadi 35 kwa saa. Diamond DA40 ya dizeli hula kama 20 hadi 25. Tena dizeli huwa na tabo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini, maana juu hewa ni nyepesi. Ukiruka kutoka Arusha, mita 1,387 juu ya bahari, petroli isiyo na tabo imeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kabla hujaanza kupaa.

Kubwa zaidi kwetu ni upatikanaji. Dizeli hizi huchoma Jet A-1, yale mafuta ndugu wa mafuta ya taa, na ndiyo yaleyale ya ndege za Cessna Caravan zinazokwenda Zanzibar na Mafia. (Caravan si dizeli, ni tabaini, injini ya mapanga yanayozungushwa na gesi ya moto; wanachangia tangi tu.) Avgas huko viwanja vya porini aghalabu hufika kwa mapipa.

Mimi hata hivyo nisingeharakisha kununua. Injini ya petroli unaifumua na kuifunga upya hapahapa. Dizeli nyingi zikitimiza saa zake hubadilishwa nzima, na kampuni ya Thielert ya Ujerumani, iliyofungua njia ya injini hizi, ilifilisika mwaka 2008 ikawaacha wenye ndege wakihangaika na vipuri. Kingine ni kompyuta inayoendesha injini hizi, nayo haifanyi kazi bila umeme. Mwaka 2007 huko Speyer, Ujerumani, ndege ya Diamond DA42 yenye injini mbili za dizeli ilipaa ikiwa na betri dhaifu. Rubani alipokunja magurudumu umeme ukashuka, na injini zote mbili zikazima. Walitua shambani.

Hatari inayobaki ni ya kibinadamu, kujaza mafuta yasiyo yake. Kibandiko cha avgas ni chekundu, cha Jet ni cheusi, na mdomo wa bomba la Jet hufanywa mpana usiingie kwenye tundu la avgas. Rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa mchanganyiko nao unaweza kubaki na ubuluu. Mafundi wazoefu hudondosha tone kwenye karatasi nyeupe na kungoja. Avgas inakauka yote. Jet A-1 inaacha duara la mafuta, na ukiinusa karatasi unapata harufu ya koroboi.