Kwa nini tunahesabu vyumba vya kulala tunapopima majitaka

Mahali pasipo na bomba la majitaka la umma, kila mradi wa nyumba ukijadiliwa huzuka swali lilelile: nyumba iruhusiwe kuwa na vyumba vingapi vya kulala? Wapo wanaotaka mwisho uwe viwili ili kulinda maji. Wapo wanaosema kikomo hicho kinazifungia mlango familia zenye watoto. Mimi ni msanifu wa mifumo ya septiki, yaani ile inayopokea majitaka ya nyumba hapohapo kiwanjani, na naona pande zote mbili zinabishania namba ambayo haikuwekwa kwa kazi hiyo.

Msanifu wa tangi na mitaro ya kunyonya, ambamo maji yanayotoka tangini huzama udongoni, hajui nani atakaa kwenye nyumba ile miaka 20 ijayo. Wapangaji huhama, watoto huzaliwa, nyumba huuzwa, lakini kuta zinabaki. Ndiyo maana tunahesabu vyumba vya kulala na kukadiria watu wawili kwa kila kimoja. Kanuni za jimbo la Massachusetts huko Marekani, zinazoitwa Title 5, zinakadiria galoni 110 kwa siku kwa chumba kimoja, yaani takriban lita 416. Nyumba ya vyumba vitatu basi husanifiwa kwa zaidi ya lita 1,200 kwa siku, hata kama anaishi mtu mmoja. Kwa kupanga ukubwa wa mfumo, njia hii naiunga mkono kabisa. Mfumo mdogo kuliko mahitaji hufurisha majitaka uani, na wa kwanza kuyakanyaga ni watoto.

Ila kulinda maji ya chini ya ardhi ni hesabu nyingine, na kiini chake ni naitrojeni. Mtu mzima hutoa takriban gramu 12 kwa siku, nyingi zikiwa kwenye mkojo. Tangi la septiki haliondoi kitu kikubwa hapo. Tope hutuama chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka yakiwa bado yamebeba sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo ikiwa amonia. Yakifika kwenye udongo wenye hewa, bakteria huigeuza kuwa naitreti. Udongo wa mfinyanzi una chaji hasi na naitreti ina chaji hasi vilevile, kwa hiyo haishikwi. Inasafiri na maji mpaka kisimani au ufukweni. Kikomo cha Marekani kwa maji ya kunywa ni miligramu 10 za naitrojeni ya naitreti kwa lita, kwa sababu ikizidi, damu ya mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo inaweza kushindwa kubeba oksijeni vizuri. Kwenye ghuba za maji ya chumvi madhara huanza mapema zaidi: mwani hustawi, mwanga haufiki chini, na nyasi za bahari hufa.

Sasa chukua nyumba mbili. Ya vyumba viwili ina watu wazima sita, ya vyumba vitatu ina wazee wawili. Ya kwanza inatoa gramu 72 kwa siku, ya pili 24. Kikomo cha vyumba viwili kinaipitisha ya kwanza na kuikatalia ya pili. Na vyoo vya kubana maji, ambavyo waombaji wa vibali hupenda kuvitaja, hupunguza lita tu. Gramu zinabaki zilezile, kwenye maji machache zaidi.

Bora kikomo kiwekwe kwa eneo la ardhi, si kwa nyumba. Kwenye maeneo nyeti kwa naitrojeni, Title 5 kwa kawaida inaruhusu galoni 440 kwa siku kwa kila futi za mraba 40,000, karibu mita za mraba 3,700. Hivyo ni vyumba vinne, iwe kwenye nyumba moja au mbili. Mradi wa nyumba sita za vyumba viwili na mradi wa nyumba nne za vyumba vitatu yote ina vyumba 12. Kuupitisha wa kwanza na kuukataa wa pili hakuokoi hata gramu moja.

Kikomo kwa nyumba pia huzaa "ofisi" na "maktaba" zenye mlango, dirisha na nafasi ya kitanda. Kanuni hizohizo zililiona hilo: nyumba ya familia moja ikizidi vyumba vinane vya kila aina, bila bafu na korido, jumla hugawanywa kwa mbili na jibu ndilo huhesabiwa kuwa idadi ya vyumba vya kulala.

Jambo ninalolipigania kwenye kila kikao huwa halimo kwenye ajenda: matunzo. Fungua tangi la nyumba ya vyumba viwili ambalo halijanyonywa kwa miaka mingi, uchovye kijiti cha kupimia. Tope utalikuta limekaribia mdomo wa bomba la kutolea, na vipande vyake vimeshaanza kwenda kwenye mitaro na kuziba udongo. Tangi la kawaida la nyumbani linahitaji kunyonywa kila baada ya miaka 3 hadi 5. Naomba sharti hilo liandikwe ndani ya kibali chenyewe, pamoja na jina la atakayepima tope, na kina cha maji ya ardhini kilichopimwa msimu wa mvua, wakati yamepanda juu kabisa.