Uyoga wa porini: maswali yanayorudi kila mvua zinapoanza

Mvua za kwanza zinapolowesha misitu ya miombo, kuanzia Tabora na Katavi hadi Iringa na Ruvuma, ndoo za uyoga hujipanga kandokando ya barabara na watoto huingia porini na vikapu. Ni kitoweo kizuri, na ni fedha ya haraka katika miezi ambayo akiba ya nafaka imepungua. Hatari yake hutokana zaidi na mchumaji anayejiamini kupita ujuzi wake.

Je, ipo alama moja inayotenganisha uyoga wa sumu na ule unaoliwa?

Haipo. Husemwa kwamba uyoga ulioguguniwa na konokono ni salama, kwamba wenye sumu lazima uwe na rangi kali, au kwamba kitunguu saumu kikichemshwa nao hugeuka cheusi. Yote hayo si kweli. Konokono anaweza kula bila kudhurika uyoga unaoharibu ini la binadamu, na ule unaoua watu wengi zaidi duniani, Amanita phalloides, una kofia ya kijani kilichofifia kinachoelekea manjano, tena baadhi ya walioula wakanusurika wamesimulia kwamba ulikuwa mtamu. Mjuzi wa uyoga hategemei alama moja. Anazijua aina, mojamoja, kwa majina ya kwao na kwa miti ambayo uyoga huo huota chini yake, kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake.

Uyoga wa kichuguu hutambuliwaje?

Huu ndio rafiki wa zamani wa jikoni. Mchwa hulima kuvu ndani ya kichuguu kwa ajili ya chakula chao, na mvua zikifika kuvu hiyo huchomoza juu ya ardhi ikiwa uyoga. Ukiuchimbua taratibu badala ya kuukata kwa kisu, utaona shina linaendelea kushuka kama mzizi hadi kwenye bustani ya mchwa. Na katika aina nyingi kofia ina nundu katikati, iliyousaidia kupenya udongo mgumu. Katika jamii hii kuna Termitomyces titanicus wa Zambia na nchi jirani, ambao kofia yake inaweza kufikia upana wa mita 1.

Unaochanganywa nao ni uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia, unaoota kwenye nyasi za nyua na viwanja vya mpira, na ambao huleta kutapika na kuharisha vibaya saa chache baada ya kuliwa. Ukiwa mchanga, mikunjo iliyo chini ya kofia yake ni myeupe isiyotia shaka. Iweke kofia iliyofunguka juu ya karatasi nyeupe, uifunike kwa bakuli, uiache usiku kucha: asubuhi uyoga huu huacha unga wa kijani, ilhali wa kichuguu huacha unga wa waridi uliopauka. Jaribio hilo humfichua adui mmoja tu. Haliupi uyoga mwingine wowote cheti cha usalama.

Kwa nini inasisitizwa kuchimbua hadi chini?

Kwa sababu Amanita phalloides huficha alama yake udongoni: shina lake limesimama ndani ya kifuko cheupe kama ganda la yai lililopasuka, na anayekata juu hukiacha ardhini. Nchini Tanzania uyoga huu umerekodiwa katika mashamba ya misonobari, miti iliyoletwa kutoka nje, kwa hiyo ujuzi wa mzee aliyekulia kwenye miombo hautoshi chini ya misonobari. Ni kweli kwamba zipo aina nyingine za jamii hiyo ya Amanita, za miombo, zinazoliwa, kama Amanita zambiana, nazo pia zina kifuko. Hizo waachiwe waliozichuma tangu utotoni, katika msitu uleule.

Kuchemsha na kumwaga maji hakuondoi sumu?

Kwa aina chache hupunguza. Kwa amatoksini, sumu ya Amanita phalloides, hakusaidii: haiharibiwi na moto, wala kuanikwa juani, wala jokofu. Sumu hiyo huzizuia seli za ini kutengeneza protini, na kofia moja inaweza kumuua mtu mzima.

Dalili huanza lini?

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Sumu nyingi za tumbo hujitokeza ndani ya saa chache, lakini amatoksini kwa kawaida hukaa kimya saa 6 hadi 12, wakati mwingine hadi 24, mtu akiwa amekwisha kusahau alichokula. Kisha huja kutapika na kuharisha kama maji. Siku ya pili au ya tatu mgonjwa hupata nafuu, huomba uji, ndugu hushukuru na kumrudisha nyumbani. Wakati huohuo ini linaendelea kuharibika, na macho ya manjano hufuata. Dalili zikianza mapema nazo zisimtulize mtu, kwa kuwa chungu kimoja huweza kuwa na aina mbili.

Nifanye nini nikishuku?

Nenda hospitali mara moja, bila kusubiri dalili. Maziwa hayaondoi sumu, na mkaa wa jikoni si ule mkaa maalumu unaotumiwa na wahudumu wa afya. Usimtapishe mgonjwa kwa mafuta wala maji ya chumvi. Taja saa ya kula na saa dalili zilipoanza, maana tofauti ya saa hizo humwelekeza daktari zaidi ya maelezo ya rangi. Beba uyoga uliobaki, hata maganda yaliyotupwa, ndani ya bahasha ya karatasi, kwa sababu kwenye mfuko wa plastiki huoza haraka. Na wote waliokula chungu hicho waende pamoja, hata mtoto aliyeonja kijiko kimoja cha mchuzi.