Daudi Naye Aliogopa: Tunayokosea Tunapowafundisha Watoto Ujasiri kwa Visa vya Biblia

Nilikuwa nimemaliza kuwasimulia watoto wa shule ya Jumapili kisa cha Daudi na Goliathi. Kelele zilikuwa tele, kila mtoto karusha jiwe lake la kujifanya, Goliathi kaanguka mara nne. Walipotoka, binti mmoja wa miaka sita alibaki nyuma akichezea kamba ya kiatu. Akaniuliza kwa sauti ndogo: “Mwalimu, Daudi hakuogopa kwa sababu Mungu anampenda?” Nikamjibu ndiyo. Akazidi kuinama. “Mimi naogopa taa ikizimwa.”

Sikuwa nimetamka kwamba anayeogopa hapendwi na Mungu, lakini ndivyo alivyosikia. Tangu siku ile navisoma visa hivi upya kabla ya kuvisimulia, na nimegundua kwamba mengi tunayowapa watoto tumepokezana tu. Hayamo katika Biblia.

Dhana: Shujaa wa Mungu haogopi

Fungua 1 Samweli 21. Daudi anamkimbia Sauli na kuingia Gathi, mji wa Wafilisti. Gathi ndiko alikotoka Goliathi, na Daudi ametoka punde tu kupewa na kuhani wa Nobu upanga wa Goliathi huyohuyo. Watumishi wa mfalme Akishi wakamtambua, wakaanza kuutaja wimbo wa wanawake waliomsifu kwa kuua makumi elfu. Biblia inasema wazi kwamba Daudi alimwogopa sana mfalme yule. Akajifanya mwendawazimu, akakwaruza milango ya lango, akaacha mate yamchuruzike kwenye ndevu.

Ni Daudi yuleyule wa kombeo. Na Zaburi 56, ambayo kichwa chake kinaihusisha na siku alizokamatwa na Wafilisti huko Gathi, ina maneno haya: “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe.” Hasemi hofu ikiisha ndipo atatumaini. Anatumaini siku ileile ya hofu.

Kwa nini basi tunaishia kwenye sura ya 17, kisa cha Goliathi, kila mara? Nadhani ni kwa sababu inachangamsha darasa. Lakini mtoto anayesimuliwa ushindi peke yake hana pa kujiweka ndani ya kisa, maana yeye usiku anaogopa na shujaa wetu haogopi kamwe. Msimulie na mate kwenye ndevu. Atacheka kwanza, kisha atanyamaza akifikiri.

Dhana: Ukimtumaini Mungu hakuna baya litakalokupata

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu siku mtoto akifiwa, au bibi aliyemwombea asipopona, ahadi hiyo inamvunjikia mikononi naye anadhani ni Mungu aliyevunja neno.

Shadraka, Meshaki na Abednego hawakusema hivyo. Mbele ya sanamu ya dhahabu yenye urefu wa dhiraa 60, wakijua tanuru inawangoja, walimwambia Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa. Kisha wakaongeza maneno ambayo vitabu vingi vya watoto huyaruka: “Bali kama si hivyo.” Yaani hata asipotuokoa, hatutaisujudia sanamu yako. Uzito wote wa kisa umelala kwenye maneno hayo manne. Na walipotupwa, moto haukuzimwa. Mfalme aliona mtu wa nne akitembea nao ndani yake.

Katika Matendo 12, Herode anamuua Yakobo kwa upanga, na katika sura hiyohiyo malaika anamfungua Petro minyororo. Wote wawili walikuwa mitume. Waebrania 11 nayo inawataja walioziba vinywa vya simba, na mistari michache mbele inawataja waliokatwa kwa misumeno, wote kwa imani ileile. Mtoto mdogo hahitaji kusikia habari za misumeno, hilo naliheshimu. Lakini asiahidiwe kile ambacho Biblia haikumwahidi. Mwambie Mungu atakuwa naye. Hilo litasimama hata mambo yakiharibika.

Dhana: Daudi hakuwa na lolote ila imani

Alikuwa na imani, na alikuwa na mkono uliozoea kazi. Alimweleza Sauli jinsi alivyopambana na simba na dubu akichunga kondoo wa baba yake. Alipovishwa chapeo na dirii ya mfalme alivivua, akisema hajavijaribu. Akaokota mawe laini matano kijitoni, akatumia moja. Na kombeo halikuwa kitu cha kuchezea: Waamuzi 20 inataja watu 700 wa mkono wa kushoto, kila mmoja akiweza kulenga unywele kwa jiwe asiukose.

Mtoto anayeomba kabla ya mtihani na asome pia. Kusoma si dalili ya imani haba. Daudi angelichekelea wazo hilo.

Dhana: Danieli alikuwa kijana mbele ya simba

Picha nyingi humchora hivyo. Lakini alipelekwa Babeli akiwa kijana yapata mwaka 605 KK, na Babeli ikaanguka 539 KK. Tundu la simba ni baada ya hapo, kwa hiyo Danieli alikuwa mzee wa kukaribia miaka 80. Nawaambia watoto kwa sababu inabadilisha kisa: sheria ya kukataza kumwomba Mungu ilipopigwa sahihi hakuanza kitu kipya. Alipiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yakielekea Yerusalemu, kama alivyokuwa akifanya tokea zamani. Ujasiri wake ulijengwa siku ambazo hapakuwa na simba.

Dhana: Jasiri hakimbii wala hasemi

Yusufu alikimbia na kuacha vazi lake mikononi mwa mke wa Potifa. Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu, usiku. Yesu akiwa mtoto alikimbizwa Misri. Mtoto ajue hili waziwazi: mtu mzima akimgusa vibaya au akimtaka afiche siri inayomuumiza, ujasiri ni kukimbia na kusema, hata kama mtu huyo ni mhubiri. Asije akafikiri kwamba kunyamaza na kuvumilia ndiyo imani. Nasema hili kila muhula, na sitaacha.

Na asidhani ujasiri ni kuvuka barabara bila kuangalia kwa kuwa “Mungu atanilinda”. Yesu mwenyewe alikataa kujirusha kutoka kinara cha hekalu.

Dhana: Ni visa vya wavulana na mapanga

Kijakazi mdogo wa mke wa Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, alikuwa mateka ugenini, na ndiye aliyetaja nabii aliyeko Samaria awezaye kumponya. Shifra na Pua, wakunga, walimkaidi Farao aliyewaamuru kuua watoto wa kiume wa Waebrania, bila silaha yoyote.

Dhana: Kumwambia mtoto “usiogope” kunatosha

Neno hilo katika Biblia huja na sababu yake. Yoshua anaambiwa asiogope “kwa kuwa BWANA, Mungu wako, yu pamoja nawe kila uendako.” Mara nyingine linakuja na mtu. Gideoni, ambaye alibomoa madhabahu ya Baali usiku kwa kuwaogopa watu wa nyumba ya baba yake, aliambiwa na Mungu: kama unaogopa kushuka kambini kwa adui, nenda na Pura, mtumishi wako. Hakukaripiwa. Alipewa mwenzake wa kutembea naye gizani. Wakashuka wawili, wakamsikia adui akisimulia ndoto ya mkate wa shayiri uliobingirika na kuangusha hema.

Jumapili iliyofuata nilimsimulia yule binti habari hizo, yeye peke yake, tumekaa kwenye benchi la nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: “Pura alishika taa?”

Nikamwambia Biblia haisemi. Ila usiku uleule, baadaye, Gideoni aliwapa watu 300 mitungi, na ndani ya kila mtungi mlikuwa na mwenge unaowaka.

Akataka nimwoneshe ulipoandikwa.